Gari la Moshi Lililoitwa Bati

Nikiona mtu anasugua kitu cha kale mpaka king'are, mkono unaniwasha. Sisemi masinia wala mabuli ya kahawa. Hayo yasugue kwa ukwaju na majivu mpaka uone meno yako ndani yake, ndiyo kazi ya kila nyumba Idi ikikaribia, na mimi mwenyewe nimeyasugua mpaka vidole vikapauka. Nasema vitu vyenye rangi yake ya kwanza, ile iliyotiwa kiwandani na mtu tusiyemjua. Rangi hiyo ikishatoka, hata upake mpya ya bei gani, umebaki na maiti iliyotiwa wanja. Nimeshagombana na watu wazima kwa jambo hili, na nitagombana tena.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Kiti chake kilikaa mlangoni mwa nyumba yetu, Mkunazini, upande unaopata mwanga wa asubuhi. Katikati ya miaka ya themanini watu walianza kuleta saa za betri kutoka Dubai, saa ambazo zikifa hutupwa, na kazi yake ya saa za ufunguo ikaanza kukauka. Ndipo alipogeukia magari ya moshi ya kuchezea. Si kwa utoto. Ndani ya gari la ufunguo mna kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja ukitiwa ufunguo, na magurudumu ya meno, sawasawa na saa ya ukutani.

Utauliza, Unguja na magari ya moshi wapi na wapi? Wazee walikuwa wakisimulia reli ya kwenda Bububu, lakini ilishang'olewa kabla baba hajapata akili. Haya ya kuchezea yaliletwa na Wazungu, Wahindi na Wagoa kwa ajili ya watoto wao. Wenyewe walipoondoka, yalibaki stoo na juu ya makabati, chini ya vumbi, mpaka warithi au wapangaji wapya walipochoka nayo wakayapeleka mnadani. Baba alikuwa akenda Darajani kila palipokuwa na mnada, akirudi na furushi chini ya kwapa, na mama akiguna. Alikuwa akiyatengeneza na kuyauza kwa watu wanaojua, na wanaojua walikuwa wachache.

Mimi ndiye aliyenifundisha, maana kaka yangu hakutaka. Kaka alisema hayo ni mambo ya watoto, naye alikuwa na haraka ya kuwa mkubwa. Baba hakunifundisha kwa upole. Hasira zangu nimezirithi, sikuziokota njiani. Kwanza alikuwa akinikataza kutazama. "Macho yanadanganyika," alisema. "Fumba, lipokee kwa mkono." Bati la zamani lina uzito wake. La kuigiza ni jepesi, au limetiwa risasi tumboni ili likuhadae, na risasi hiyo huegemea upande mmoja ukiliinamisha. Nikikosea, hakunieleza. Alinipokonya akanipa jingine.

Halafu akaniruhusu kutazama, lakini si pale kila mtu anapotazama. Watu hutazama ubavu, penye mistari ya dhahabu na nambari. Baba alitaka nitazame chini ya tumbo, kwenye vile vijisikio vya bati vinavyopenya tunduni na kukunjwa ili kuushika ubavu kwenye sakafu. Kijisikio kilichokunjwa mara moja tu, kiwandani, kimelala bapa. Kikikunjuliwa na kukunjwa tena huacha mstari mweupe, na hapo ujue kuna mtu aliyeingia ndani, nawe uulize alikwenda kutafuta nini.

Uchakavu nao una adabu yake. Rangi hutoka panaposhikwa: ukingo wa paa, mdomo wa bomba la moshi, kando ya tundu la ufunguo. Hakuna mtoto duniani anayelishika gari mwili mzima kwa usawa. Ukiona limechakaa sawasawa kila mahali, huo ni msasa wa mtu mwenye haraka ya kulizeesha. Na kwetu sisi kuna chumvi. Bati lililokaa Mji Mkongwe miaka thelathini bila kutu hata chembe, ama lilihifadhiwa na mtu mwenye mapenzi makubwa, ama lilifika wiki iliyopita. Siku moja alikuja kijana na gari jekundu linalometameta, akaapa kuwa ni la babu yake. Baba hakulipindua wala hakuligonga. Alilinusa tu akamrudishia. "Linanuka rangi ya mlango," alisema, akaendelea na saa yake.

Lililo muhimu kupita yote lilikuwa boksi. Gari lililomo ndani ya boksi lake la karatasi ngumu, kila kipande kikiwa chumbani mwake, lilimfanya baba avue miwani aifute upya. Maana boksi ndilo la kwanza kutupwa. Watu wakibakisha gari, boksi hutilia vitambaa vya kushonea au huwashia jiko. Nimeona seti nzuri kabisa, reli zake zote zipo, ufunguo wake mwenyewe upo, halafu mwenye nyumba anakuambia kwa fahari kwamba boksi kalitupa lilikuwa limechakaa! Niliwahi kumwambia bibi mmoja wa Shangani kuwa afadhali angelitupa gari akabakisha boksi. Baba alinifinya, lakini njiani alicheka.

Gari ninalolisemea lilikuwa la kijani. Kichwa, kigari cha makaa nyuma yake, mabehewa matatu yaliyochorwa abiria madirishani, reli za kufanya duara, na mlingoti wa ishara wenye mkono mwekundu. Lilitoka Ujerumani, kabla ya vita. Baba alipewa na mzee wa Kigoa, fundi cherahani, aliyekuwa anahamia Ulaya kwa watoto wake na hakutaka liende mnadani. Boksi lilikuwepo. Misumari ya kuungia reli ilikuwepo, yote. Baba alikaa nalo tangu asubuhi akilitafutia kosa, mpaka jua likageuka. Kisha akaniita.

"Naam," nikaitikia.

"Njoo unitafutie weye. Mie nimeshindwa."

Nikatafuta, nami nikashindwa. Sijapata kumwona amefurahi vile, hata siku ya harusi ya kaka.

Hilo hakuliuza. Kila Idi, baada ya pilau, alizitandika reli ukumbini, akalitia ufunguo kwa mkono wake, likazunguka na mlio wake wa kama cherahani ya mbali. Kaka alikuwa akitazama mzunguko mmoja kisha anatoka kwenda zake Mnazi Mmoja. Mama alikuwa akitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ina unga, mpaka kamani imalizike. Miaka ya tisini, watalii walipoanza kupita vichochoroni makundi kwa makundi, mmoja wao aliliona mlango ukiwa wazi akataka kulinunua papo hapo. Baba alimwambia haliuzwi, akampa kahawa.

Baba alipougua kifua, alisema mbele ya mama na kaka: "Gari hili la binti yangu. Yeye ndiye anayelijua." Alisema kwa mdomo. Hakunikabidhi mkononi, nami sikulichukua, maana ningelichukua huku anapumua ingekuwa kama namhimiza aondoke. Jambo hilo lilinikera sana baadaye, na bado linanikera. Mtu aliyekagua kila kijisikio cha bati kwa miwani ya jicho moja, akaacha jambo lake mwenyewe halikukunjwa.

Akafa. Arubaini ilipopita akaitwa sheikh wa mtaa aje atugawie mirathi. Warithi tulikuwa watatu tu: mama, kaka na mimi. Mama alikuwa bado eda, chumbani kwake, nyuma ya pazia. Sisi tulikaa ukumbini, na vitu vya baba vikapangwa juu ya mkeka, saa zake, sanduku lake la vyombo vya kazi, viti viwili vya mninga, na boksi la gari la moshi mwisho kabisa. Nikasema: "Hili baba alinipa."

Sheikh alikuwa mtu mpole. Alinieleza kwamba mrithi hausiwi, yaani mwenye fungu lake haongezewi kitu kwa usia. Baba angenikabidhi akiwa hai, gari lingekuwa langu bila neno. Kwa kuwa lilibaki kabatini mwake, maneno yake hayafai mpaka warithi wenzangu waridhie. Sheria hiyo sina ugomvi nayo, imewekwa ili mzazi asimpendelee mmoja. Ugomvi wangu ni na kaka yangu, ambaye ibada yake ilikuwa ya msimu kama maembe, na siku hiyo akawa mwanachuoni wa dini.

Mama alisema kutoka ndani: "Mie nimeridhia."

Kaka akatazama boksi. "Mie vilevile sina neno," alisema, "madhali ni kitu cha kuchezea tu. Achukue. Lakini kama ni mali, mali ina wenyewe. Aitwe mtu alitazame."

Hapo ndipo kesi nzima ilipokaa. Gari likiwa halina thamani, langu. Likiwa na thamani, la wote. Mtoto mdogo angeelewa nini cha kuomba.

Aliyeitwa kulitazama ni mjomba. Hakuzaliwa tumbo moja na mama. Mama yake alifariki alipomzaa, na bibi yangu akamnyonyesha ziwa moja na mama yangu, kwa hiyo akawa ndugu wa kunyonya, mtu anayeweza kuingia kwa mama hata yumo eda. Alikuwa na duka la vitu vya kale Hurumzi. Mimi duka hilo nilikuwa nalidharau. Pale watalii walikuwa wakiuziwa masanduku ya harusi yaliyotoka kwa seremala mwezi uliopita, yakasuguliwa kwa chai na kufukizwa moshi, yakaitwa ya zama za Masultani. Baba alikuwa akipita dukani kwake akisalimia bila kuingia.

Mjomba alifika akaenda kwanza kumpa mama pole. Alikaa mle ndani kitambo, nikasikia wakinong'ona, nikadhani wanalia. Kisha akatoka akakaa kitako juu ya mkeka. Saa alizitazama vizuri, akasema bei za haki. Viti vilevile. Halafu akavuta boksi, akatoa kile kichwa cha kijani akakishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Hichi cha watoto," alisema. "Bati tupu hili. Lilotengenezwa juzijuzi likapakwa lionekane la zamani. Halina kitu."

Kaka akapumua. "Basi, achukue mwenyewe. Nimeridhia."

Sheikh akageuka kwangu. Sekunde ile gari lilikuwa langu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Na ningelibeba nikaingia nalo chumbani kwa mama, na mpaka leo lingekuwa linazunguka ukumbini kwangu kila Idi, lau mjomba angefunga mdomo wake. Lakini akaongeza:

"Marehemu, Mungu amrehemu, kwenye saa alikuwa fundi. Huku alikuwa kipofu. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia."

Baba yangu! Aliyekataa gari kwa kulinusa. Kaburi lake hata halijakauka, na huyu muuza masanduku ya chai anamwita kipofu, juu ya mkeka wake, nyumbani kwake, na mwanawe mwanamume anatikisa kichwa kukubali. Roho ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Mkono wangu uliokuwa unakwenda kupokea ukapokonya.

"Mjomba," nilisema, "bati liko dukani kwako."

"Mwanangu—"

"Shika! Fumba macho ulishike! Hilo jepesi hilo? Hebu pindua. Hivi vijisikio unaviona, au kwako hutazamwa ubavu tu kwa kuwa wageni wanapenda dhahabu? Nionyeshe kimoja kilichokunjwa mara mbili. Kimoja!"

Mama akaniita kutoka chumbani. "Njoo mara moja."

"Naam, nakuja," nikajibu, wala sikwenda. Nilikuwa nimeshatoa mabehewa yote matatu. Nikamwonyesha sheikh, masikini, ambaye hakuuliza, rangi ilipotoka na kwa nini imetoka pale na si pengine. Nikaonyesha kutu ndogo ya kweli kwenye mhimili wa behewa la mwisho, ya rangi ya kahawa, iliyoingia taratibu. Nikatoa ufunguo nikautia tunduni, ukakaa bila kucheza. Nikahesabu misumari ya reli kwa sauti.

"Basi mwanangu," mjomba alisema kwa sauti ya chini. "Niachie mie kazi yangu."

"Kazi yako ni kupika chai," nikamwambia.

Mama akaniita mara ya pili, safari hii kwa ukali. Nikaitikia tena na nikaendelea. Nililiinua boksi. Nikasema huenda kisiwa kizima hakuna jingine lenye boksi lake, na kwamba wako watu Ulaya wanaokaa miaka wakitafuta kama hili, na kwamba baba alilijua hilo na ndiyo maana hakuliuza. Nilisema mengi. Nilisema vizuri, niseme kweli yangu. Kama baba angekuwa hai asingenisahihisha hata neno moja.

Nilimaliza. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Kaka alikuwa ametoka mahali pake, amechutama mbele ya gari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa analitazama.

"Kumbe," alisema. "Kwa hivo ni mali."

Sheikh akamwuliza mjomba kama niliyoyasema ni kweli. Mjomba akasema: "Ni kweli."

Yaliyofuata hayana haja ya maneno mengi. Kaka akaondoa ridhaa yake. Nikasema basi gari litiwe kwenye fungu langu la urithi. Akasema fungu la mwanamke halifiki huko, kwa bei hiyo niliyoieleza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema baba alinipa, na yeye alikuwepo na alisikia. Akasema alisikia, na kusikia si kuridhia. Sheikh alisema angependa ndugu tusikizane, lakini kulazimisha hawezi. Kaka akalifunga boksi kwa uzi wa katani, vibaya, fundo juu ya mfuniko mpaka karatasi ikapinda, akatoka nalo.

Wote waliniambia hasira hasara. Shangazi, jirani, mwalimu mwenzangu shuleni, hata muuza maziwa, utadhani wamekodiwa. Hakuna aliyemwambia kaka kuwa choyo ni hasara. Aliyepoteza ndiye anayepewa methali.

Gari liliuzwa kwa mwenye hoteli moja huko Mbweni. Nilipewa bahasha, sikuifungua mbele yao. Baada ya muda nilikwenda Mbweni kulitazama. Nilivaa vizuri, nikamwambia kijana wa mapokezi kuwa nina miadi. Lilikuwa kwenye rafu ya kioo, nyuma ya kaunta. Walikuwa wamelipaka rangi. Kijani kipya, kinene, kimefunika mistari ya dhahabu, na abiria wa madirishani wamefutika, na magurudumu yamegandishwa kwa gundi juu ya ubao ili lisidondoke. Boksi halikuwepo. Nilimwuliza kijana, akasema walilikuta limechakaa.

Nilipiga kelele. Nilimwambia kijana wa watu maneno ambayo hakustahiki, meneja akaja, na mlinzi akanisindikiza mpaka nje kwa adabu, akiniita mama ingawa alikuwa sawa na mimi kwa umri. Barabarani nilikaa juu ya ukuta nikalia kwa ghadhabu, maana walilipia kitu kizima wakakiua kwa mikono yao, na mimi ndiye niliyewaambia kilikuwa kitu kizima.

Lakini lawama yangu niliiweka kwa mjomba. Kaka ni mchoyo, nilimjua tangu tukigawana halua. Ila mjomba asingemtukana baba, nisingefungua mdomo. Hesabu ilikuwa nyepesi. Tangu siku ile sikumwamkia. Nikimkuta njiani nilivuka upande wa pili, kwenye vichochoro vyetu ambavyo upande wa pili uko hatua mbili, ili aone kuwa nimevuka. Ramadhani alikuwa akimletea mama tende. Tende zile sikuzitia mdomoni, nilifuturu kwa maji. Mama alikuwa ananitazama tu. Mjomba akija kumtazama mama, mimi natoka. Hakuwahi kunigombeza. Alikuwa anasema, "Hujambo mwanangu," kwa mgongo wangu.

Nasema haya ili ijulikane kwamba haikuwa hasira ya siku moja. Niliitunza. Ilipoanza kupoa nilijikumbusha lile neno, kipofu, ikawaka tena. Kaka nilimsamehe, akaozesha binti yake nikapika biriani ya watu mia. Mjomba sikumsamehe.

Alifariki asubuhi moja, karne hii ilipokuwa changa. Mama alikuwa ameshakuwa mzee, magoti yanamsumbua. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ametia kiatu kimoja, kingine yuko nacho mkononi.

"Vaa buibui lako twende msibani," aliniambia.

"Ntakupeleka mpaka mlangoni. Ndani siingii."

"Huingii kwa mjomba'ko?"

"Siendi kumlilia mtu alomwita baba kipofu. Nshasema zamani, mama, na leo nasema tena."

Mama akakiweka kile kiatu chini. "Mie ndiye nilomwambia aseme ni bati," alisema.

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanieleza taratibu, kama anamsomesha mtoto. Alikuwa anamjua mwanawe wa kiume. Alijua kuwa gari likitajwa thamani tu limekwenda. Kwa hiyo mjomba alipoingia kumpa pole, alimwomba aseme halina kitu, ili nilichukue mimi, kama alivyotaka marehemu. Mjomba alimwambia, dada, hiyo ni kusema uongo mbele ya sheikh, katika mirathi. Mama akamwambia dhambi ni yake yeye mama, ataijibu mwenyewe kwa Mungu. Wakalia wote wawili. Kisha mjomba akatoka kwenda kuusema uongo ule.

"Na lile neno?" nilimwuliza. "La kipofu, na la mbuzi kwenye gunia?"

"Hilo sikumtuma. Alilitia mwenyewe. Aliona kaka'ko bado ana shaka, akaona bora wamcheke marehemu kuliko wewe ukose. Alilijutia lile neno mpaka kufa kwake. Kila akija akiniuliza, mtoto bado kanuna?"

Nilisimama pale hasira zinanijaa kuliko siku ile ya mkeka. Miaka yote hiyo! Nimevuka njia, nimekataa tende, nimempa mgongo mzee wa watu aliyebeba uongo kwa ajili yangu, na hawa wawili wamekaa wanalijua na kunitazama!

"Mbona hukunambia?" nilipiga kelele. "Kabla hajaja! Neno moja tu, mama. Ungenambia nyamaza, lako hilo. Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia," mama aliuliza, "ungenyamaza?"

"Ningenyamaza."

Akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya. "Amwite baba'ko kipofu, na weye unyamaze?"

Nikakiokota kile kiatu.

"Nivishe kiatu," mama alisema. "Wanawake washaanza kusoma."

Nilipiga magoti nikamvisha, nikavaa buibui, nikamshika mkono tukashuka ngazi. Njia nzima mpaka Hurumzi nilikuwa nimekasirika mpaka meno yananiuma, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumkasirikia ambaye yuko hai na anaweza kunijibu isipokuwa huyu niliyemshika mkono, naye alikuwa anatembea polepole kwa ajili ya magoti.